Pile za Radio

“Mama Constance, gari ya bwana yako iko na ramani ndani. Alipotea namna gani?”

Jirani yake Émilienne aliuliza hivyo bombani, bila ubaya wowote. Constance akainua bidoni yake ya maji akaenda zake. Mji mzima wa Baraka ulikuwa umekwisha kujijibu: Casimir aliamini mashine kuliko macho yake.

Wakati ule wa vita Casimir alikuwa dereva wa shirika moja la dawa. Yeye ni mtu wa Nundu. Njia ya Misisi haikuwa yake. Ndani ya gari, karibu na usukani, mlikuwa na kioo cha kuonyesha njia. Hakikuzimika hata siku moja, maana kilikula umeme wa gari, lakini ramani yake ilikuwa ya mbele ya vita. Madaraja ambayo waaskari walivunja, kwake yalikuwa yangali yamesimama. Kwa hiyo madereva walishika GPS ndogo ya mkononi. Mwenzao Norbert alikuwa ametia humo alama ya kivuko kipya, kule juu ya mto. Hiyo ndogo ilijua njia, ila ilitaka pile nzima, betri mbili kama zile za radio.

Jumapili moja Constance alitaka kusikia ibada kwenye radio, na habari za ndugu waliokimbilia ng’ambo ya ziwa. Pile za radio zilikuwa zimechoka. Alizianika juani, akaziuma kwa meno kama tunavyofanya wote, lakini sauti ikakufa tu. Basi akatoa mbili za GPS, ambayo Casimir alikuwa amerudi nayo nyumbani, akatia zile zake mahali pao. Alijiambia atazirudisha jioni. Akaimba, akaomba, akasahau.

Kesho yake, asubuhi, Casimir alitumwa Misisi kumchukua Aline, mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu juzi. Katikati ya njia GPS ikazimika. Vijiji vilikuwa vitupu, hakuna wa kuuliza. Akafuata kioo, kikamfikisha kwenye daraja lisilokuwapo. Kurudi nyuma na kutafuta kivuko katika matope kulikula saa nyingi. Alipofika Misisi, Aline alikuwa amekwisha kukata roho, na mtoto tumboni.

Wakubwa walipomuuliza, Casimir alisema hakuangalia pile. Wakamuondoa kazini. Nyumbani aliziweka mbili zile juu ya meza, alama za meno ya mkewe zikionekana. Akachukua jembe. Vijana wa pikipiki walipomuona wakamwita Baba Kioo, wakimuuliza shamba lake liko upande gani. Yeye alicheka nao. Constance hakucheka, wala hakukaribia tena Meza ya Bwana kanisani.

Siku ile ya swali la Émilienne alitua bidoni jikoni, akaenda moja kwa moja shambani, akamkuta mumewe akilima mihogo.

“Baba Dieumerci,” akasema, “unipeleke Misisi kwa mama ya Aline. Ni mimi mwenyewe nitamuambia.”