Msasa wa Coralie

Nyie mnaosugua bunduki za marehemu babu zenu kwa msasa mnanichosha! Fundi wetu wa bunduki hapa Dubbo huanza hivi: anapangusa vidole kwenye aproni, ananusa kitako cha bunduki, anapiga mluzi. Jana Coralie alimletea bunduki ya shabaha ya babu yake, inang'aa, mwaka wa kutengenezwa uliochongwa juu ya mtutu umefutika kabisa, na shindano la Jumamosi linapokea zilizotengenezwa kabla ya 1940 tu.

"Mama, umeisugua kama sufuria! Nusu ya bei imeondoka na vumbi."

"Bei kitu gani? Mimi nataka kupiga nayo, mzee."

Fundi akafungua skrubu, akainua mtutu kutoka kwenye mbao. Chini kule msasa haukufika, na mwaka ulikuwa umechongwa tena: 1936. Fundi akaruka, akacheza huku bisibisi iko hewani, akaimba mwaka huo mara tisa. Coralie naye akacheza. Jamani, ukiikuta ya babu kabatini, mpelekee fundi na kutu yake.