Riteina Kwenye Kichanja cha Usipa

Katika ukoo wa baba tunarithi meno kabla ya mashamba. Ya mbele, ya juu, hupandana na kusukumana kama watu wanaogombea mlango mmoja, na mdomo haufungi vizuri. Baba anayo. Shangazi, dada yake, anayo, na kila akicheka huinua ncha ya kanga na kuyafunika. Mimi nilikuwa nikitumia kiganja.

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda hadi kwetu Kitura, na sehemu ya mavuno ya baba ikaishia mdomoni mwangu. Nilikuwa nasoma Dar es Salaam, nikikaa kwa baba mdogo, na huko ndiko nilikofungwa vyuma vya meno. Vilipotolewa, meno yalikuwa yamejipanga kwa adabu. Daktari akanipa riteina, kipande cha plastiki ya waridi kinacholala kwenye kaakaa, chenye waya mwembamba unaokumbatia meno kwa mbele. Akanionya kwamba nisipoivaa usiku na mchana, meno yatarudi yalikotoka. Niivue wakati wa kula tu, niisugue kwa maji baridi, kisha niiweke majini isikauke. Jua na maji ya moto vingeikunja.

Likizo ilipofika nilishuka ziwani kwa shangazi, aliyeolewa kijiji kimoja karibu na Mbamba Bay. Nikiwa nimeivaa, ulimi ulikuwa mzito. Shikamoo yangu ilitoka na mate, kama ya mtu anayetafuna muhogo wa moto, na watoto wake waliiga mpaka wakachoka. Yeye hakucheka. Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akayatazama meno yangu kwa muda.

"Kumbe ndivyo yangekuwa," alisema, akarudi kwenye ungo wake.

Mchana mmoja, baada ya ugali, nilikwenda ziwani kuosha masufuria. Riteina niliiacha dirishani, ndani ya kikombe cha maji. Shangazi akakiona kikombe. Kwake yeye, kitu kinachoingia mdomoni hakiachwi kulowa. Huoshwa, kikapigwa jua, iwe kijiko au kibuyu cha uji wa mtoto. Akamwaga yale maji, akaisugua vizuri, na kwa kuwa kichanja cha vyombo kilikuwa kivulini, akaiweka kwenye kichanja cha usipa, pembeni, ambako angeilinda na kunguru. Usipa ni vile visamaki vyembamba vya ziwa letu, na siku ile walikuwa wamelala pale wengi ajabu, wakimeta.

Mvua ikashuka kutoka milimani bila kupiga hodi. Nilitupa masufuria, nikakimbia na watoto wa shangazi, tukakomba usipa kwa mikono miwili na kuwamimina kwenye gunia. Nami nilikomba kwa bidii. Mvua ilipopungua nikaenda dirishani, nikakuta kikombe kitupu. Nilipouliza, shangazi aliketi ghafla juu ya kinu.

Gunia lilikuwa tayari kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Mbinga mjini, Mwislamu mcheshi aliyenunua usipa kijijini pale, naye alitaka kupanda mlima kabla barabara haijateleza. Shangazi akasimama mbele ya gari, kanga imemlowa mwilini.

"Shemeji, shusha gunia langu."

"Umeghairi bei?"

"Kuna meno ya mtoto humo ndani."

Yule bwana akanitazama mdomoni. "Mbona anayo yote?"

Alipoelezwa, alizima gari. Alisema amewahi kuuza usipa wenye mchanga, na mara moja wenye ndala, lakini wenye meno wateja wake hawatamsamehe. Akatandaza turubai barazani, akavuta kofia yake ya kiua nyuma, akachuchumaa nasi.

Tulichambua konzi kwa konzi. Nilikuwa nikipitisha ulimi nyuma ya meno, nikihisi kama yameshaanza kusogea, nikimfikiria baba na miti yake ya kahawa. Waya uling'aa sawa na usipa wenyewe, na nadhani tuliupita mara kadhaa. Shangazi ndiye aliyeuona, karibu na chini ya gunia.

Aliiosha kwa maji baridi, akanipa bila kuniangalia. Nikaibonyeza kwenye kaakaa. Upande mmoja ulibana, ukauma. Nikasukuma kwa kidole gumba, ikaingia na ule mlio wake mdogo. Ilinuka usipa mpaka machozi.

"Sema kitu," shangazi akaniambia.

"Shikamoo, shangazi."

Ilitoka nzito, yenye mate. Aliitika marahaba, akacheka, mikono yake yote miwili imejaa usipa, kanga ikabaki begani.

Tangu kesho yake alizisikiliza salamu zangu. Shikamoo ikitoka safi, aliendelea kuchochea moto kama hajasikia. "Hiyo nyepesi mno. Kavae," alikuwa akisema, na mpaka nirudi ndani na kutoka tena, sikuitikiwa.

Siku hizi naivaa usiku tu, na simu za mkononi zimefika hata kule ufukweni. Nampigia karibu na kulala, riteina ikiwa mdomoni. Kwanza huisikiliza shikamoo yangu. Kisha huitika.