Weka kijiko, piga picha: Fundi anayewaumbua matapeli wa saksafoni

Saa tatu kasorobo asubuhi, fundi ameinama mezani, jicho moja amelifumba, anachungulia ndani ya saksafoni kama mtu anayetafuta hereni iliyodondokea kwenye bomba. Pembeni kuna gundi, bisibisi, vipande vya ngozi vya kuzibia matundu na chai iliyokwishapoa. Anapuliza. Inatoka sauti ya mlango wenye kutu.

"Umesikia? Huyu anapumulia pembeni," anasema, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Ngozi ya tundu la tatu imekwisha. Na mwenyewe aliambiwa kitu ni kipya kabisa!"

Mtaani wanamwita Sikio. Ana miaka hamsini na mbili, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akitengeneza saksafoni na tarumbeta katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Nyingine, ya kukagua matangazo ya mtandaoni kabla watu hawajatuma pesa, haimwingizii kitu ila wageni wasiokwisha mlangoni.

Aliianza kwa machungu. Miaka minane iliyopita aliona mtandaoni tarumbeta mbili zilizotumika, bei ya kutupa. Akatuma akiba ya miezi saba. Sanduku likafika kweli, zito, limefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na matofali mawili yaliyoviringishwa magazeti.

"Nililia mpaka mume wangu akauliza kama kuna msiba," anasimulia. "Nikamwonyesha. Akayatazama weee, halafu akasema, 'Basi mke wangu, angalau tumeanza kujenga.' Nilitaka kumpiga, nikajikuta nacheka."

Tangu siku hiyo hakubali mtu mwingine apokee matofali.

Mwezi uliopita, muuguzi wa zahanati ya jirani aliingia akihema, sare bado mwilini. Baba yake aliwahi kupiga saksafoni kwenye bendi ya harusi, akaiuza ili binti asome uuguzi. Hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja. Sasa mzee alikuwa anatimiza miaka themanini, na binti alikuwa amepata saksafoni inayong'aa kwa nusu ya bei. Muuzaji alidai watu watano wanaigombea, na kwamba pesa zote zitumwe kabla ya saa sita mchana.

"Dada, nitume? Zimebaki dakika ishirini!"

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Saksafoni haina miguu, haitakimbia."

Sikio akazikuza picha. Katika moja, saksafoni ilikuwa na mkwaruzo karibu na mdomo wake mpana. Katika nyingine, mkwaruzo haukuwepo. Akamwambia muuguzi aandike: "Tafadhali weka kijiko ndani ya mdomo wa saksafoni, kisha upige picha."

Mwenye saksafoni mkononi hufanya hivyo kwa dakika moja. Mwenye picha za kuokota hana pa kukiweka kijiko.

Jibu lilikuja haraka: "Kijiko cha nini? Mimi siuzi vyombo vya jikoni!"

Walipomwomba waende kuiona, akasema yuko safarini. Walipomwambia watamsubiri arudi, akasema anauguliwa. Mara akamzuia muuguzi asimwandikie tena.

Muuguzi akabaki kwenye kigoda, simu mapajani, machozi yakimlengalenga. Pesa zilikuwa zimepona, lakini saksafoni ya baba ilikuwa imeyeyuka, na zilibaki siku tisa tu.

"Nilimwambia, futa machozi, tunaanza upya," anasema Sikio.

Waliwaandikia wauzaji sita. Wa sita, mwalimu mstaafu wa muziki, alijibu baada ya dakika kumi. Picha yake ilionyesha saksafoni ya zamani, iliyofifia rangi, na ndani yake kijiko kikubwa. "Nimeongeza na uma," aliandika. "Mkihitaji sufuria, semeni."

Kabla hawajauliza, akawaambia kuwa kitufe kimoja kimepinda na ngozi mbili zimechakaa.

"Hapo ndipo nilipoanza kumwamini," anasema Sikio. "Tapeli kitu chake hakina kasoro hata siku moja."

Hata hivyo hawakutuma kitu. Walikwenda nyumbani kwa mwalimu mchana kweupe. Sikio akalinganisha namba iliyochongwa kwenye saksafoni na ile ya kwenye risiti ya zamani ya mwalimu, akapuliza noti moja baada ya nyingine, ndipo muuguzi akalipa. Ukarabati ulichukua siku mbili.

Siku ya sherehe, mzee aliigeuzageuza saksafoni mikononi.

"Mwanangu, hata meno haya si yangu," alinong'ona hatimaye.

Akapuliza: upepo mtupu. Akarudia: ikatoka kelele iliyowavunja mbavu wajukuu. Mara ya tatu akafumba macho, ukaja wimbo aliokuwa akiwapigia maharusi wakiingia ukumbini. Katikati akapotea, akajikosoa, akaendelea. Binti alisimama na sahani mikononi, hajui aziweke wapi. Majirani wakaingia wakicheza bila kualikwa, na keki ikasahaulika mezani.

"Mimi nilikuwa kwenye kona nasikiliza kama ngozi zangu zinavuja," anasema Sikio. "Hazikuvuja. Niliyevuja ni mimi."

Sasa amekodi chumba cha pili, kilichoachwa na kinyozi. Kodi yake ni sawa na malipo ya kutengeneza saksafoni tatu kwa mwezi. Mumewe anaranda mbao za mabenchi. Kila Jumamosi muuzaji na mnunuzi watakutana humo, chombo kipulizwe mbele ya wote kabla pesa hazijatoka mfukoni. Watu kumi na mmoja wamekwishajiandikisha, na mwalimu mstaafu ameahidi kuja kufundisha wanaoanza.

Je, akija tapeli?

"Aje tu, mabenchi yapo," anasema Sikio. "Nitamkabidhi saksafoni, nimwambie: haya ndugu yangu, tupigie tucheze."