Siku Fundi wa Kikundi Chetu Alipoogopa Kunishonea Robe

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Kongo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi ni mwanamke trans, naitwa Mireille. Nauza thomson sokoni, wale samaki wa barafu tunaokula huku karibu kila siku.

Mjini kwetu kuna association ndogo ya LGBT. Tunakutana kwa Yaya Béa, dada yetu mkubwa na présidente.

Kwa jina, ile T ipo. Kwa vitendo, kazi yangu ilikuwa kupika. Kwenye comité, kamati ya uongozi? Hapana.

Basi tukapanga fête, sherehe yetu. Na huku kwetu fête bila sare ya kitenge si fête: wanaume shati, wanawake robe, yaani gauni. Trésor, mwenzetu fundi cherehani, akaja kutupima. Mimi akanipima mabega tu.

"Na kiuno?"

"Shati haina kiuno."

Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika. "Trésor, minye siko mwanaume."

Akashusha sauti. "Mireille, weye unaonekana sana. Tukipiga picha na weye mu robe, quartier yote itatujua."

Wakuu, hakusema kwa ubaya. Baba yake ni pasteur, mchungaji wa kanisa, na kijana wa watu alikuwa anaogopa mtaa kweli. Wengine nao walikuwa wanatikisa vichwa kumkubalia.

Nikasimama.

"Kila siku niko na robe mu soko. Matusi yenye banatukanaka minye pale, ni ya siye bote. Kama hata hapa siko na fasi, nitaenda wapi?"

Yaya Béa akatua sufuria chini.

"Trésor, chakula yake unakulaka bila kuogopa. Ni robe tu ndiyo unaogopa?"

Mmoja akacheka, kisha wote. Trésor akajifuta macho, sijui ni kicheko au nini, akanirudia na tepu yake.

"Simama muzuri, mama. Kiuno iko wapi? Thomson imeimeza!"

Nyumba nzima hoi!

Robe ikatoka na mabega ya kuvimba, mgongoni utepe. Nilicheza hadi viatu nikavitupa pembeni. (Picha ipo, ila siiweki humu, mnajua wenyewe.)

Kabla ya kula, Yaya Béa akasema comité inataka mtu wa kupokea wageni. Wa kwanza kutaja jina langu? Trésor.

Juzi kabisa, nikiwa kwenye kazi hiyo kwa Yaya Béa, akabisha binti mmoja trans, katoka Kambove, vumbi la njia mwili mzima. Akabaki mlangoni.

"Na minye naweza kuingia?"

Nilitaka kumpa maneno mazuri ya comité, nikayaacha. Nikamshika mkono, nikamvuta ndani.

Nilichojifunza: rafiki anayeogopa si adui. Mwambie ukweli usoni, umwachie nafasi ya kurudi.

Haya, na kwenu je? Kwenye vikundi vyenu kuna mtu aliyepo kwa jina tu? Semeni, nawasoma huku nahudumia wateja.