Jilala Aliporudi, Kitabu Kilikuwa Kimeshasomwa

Nimewahi kumsomea kitabu mtu ambaye tulikuwa tumeshamlilia, tumeshamnyolea nywele na tumeshamzika.

Alikaa pembeni, kajiinamia, anasikiliza kila neno.

Msiniulize kama alikuwa mzimu. Tulieni kwanza.

Juzi mmoja wenu humu kundini kaomba maoni juu ya riwaya mpya za mizimu na za vyombo vya angani. Mkashambuliana siku nzima. Huyu anasema inatisha, yule anasema imepooza, mwingine anasema mwandishi hajui sayansi. Nilisoma yote huku nacheka, halafu kicheko kikakata nikazima simu.

Nina zaidi ya miaka tisini. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona kosa nyamazeni. Maoni yangu nitayatoa, ila itabidi nianzie Geita, mwaka hamsini na tatu.

Wakati huo mume wangu Pantaleo alikuwa mpishi wa injinia mmoja kwenye mgodi wa dhahabu. Tulikaa kota za wafanyakazi, chumba kimoja, na mwanetu Stanslaus bado wa kubebwa mgongoni. Mimi ni Mzinza. Masista walinisomesha hadi darasa la nane, na Kiingereza nilikipata cha kutosha kusumbua watu.

Mke wa injinia alikuwa mlevi wa vitabu. Kila posta ikija, riwaya mpya. Akimaliza anampa Pantaleo akawashie moto jikoni.

Pantaleo hakuchoma hata kimoja. Alikuwa ananiletea mimi.

Basi alasiri, shifti ya asubuhi ikishatoka, watu wanajaa mbele ya chumba changu. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo, nawatolea Kiswahili mdomoni. Pakikwama naongeza Kisukuma changu cha kuombea chumvi.

Nyie mnajiona wachambuzi? Mngewasikia wale.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha nyumba yenye mzimu unaogonga milango. Wakakicheka mpaka machozi. Walisema huo mzimu wa wazungu una adabu sana, unabisha hodi kama karani wa kodi. Wakaamua kwamba mwandishi hajawahi kuona kitu maishani mwake.

Kilichofuata kilikuwa cha watu waliopanda chombo wakaenda mwezini. Hapo hakucheka mtu. Nyapara wetu, Maige, mtu mzima wa kutoka Segese, aliniuliza kwa makini sana kama huko mwezini mkataba ni wa muda gani, na kama mtu anaruhusiwa kwenda na mke.

Nikamwambia Baba, hiki ni cha kutunga. Akanitazama kwa huruma.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo letu. Pale kota, maandishi ya kupigwa chapa tuliyoyajua yalikuwa Biblia, katekisimu, msahafu wa Waislamu wa shifti ya pili, na matangazo ya serikali. Katika hayo yote hakuna hata moja ambalo mtu angethubutu kuliita uongo. Kwa hiyo kitabu kikikosea, walisema mwandishi kadanganywa na waliomsimulia. Kwamba mtu anaweza kukaa kwenye kiti, akabuni jambo zima, halafu mashine ikamchapia, hilo halikuingia kichwani kwa yeyote.

Sasa Jilala.

Jilala alikuwa mdogo wake Maige, na aliishi mlango wa tatu kutoka kwangu. Mkewe ni Mbuke, mtoto wao Donatus. Alikuwa kijana wa maneno mengi, mpenda watu, na hakuwahi kukosa kikao changu cha vitabu.

Masika ile handaki moja likaporomoka. Asubuhi yake jina la Jilala liliitwa, akaitikia, na wenzake wakamwona akishuka. Hakuna aliyemwona akitoka. Wazungu wakasema kuchimbua ni hatari, wakaliziba handaki na waliokuwa ndani.

Hatukuwa na mwili. Maige akachukua blanketi la mdogo wake na sururu yake, vikafukiwa kaburini. Tukakaa matanga, nywele zikanyolewa. Mbuke alilia hadi sauti ikapotea.

Msiba ulipopoa kidogo akaniomba nimsomee. Alitaka kitu cha kumwondoa mawazo. Nilichukua kitabu kilichokuwa juu ya vingine, kipya kabisa, hata mimi sikuwa nimekifungua. Msianze kunilaumu. Nimeligeuza jambo hili miaka sabini nikitafuta kosa langu, silioni, na hicho ndicho kinachoniuma.

Kilikuwa cha mwanajeshi aliyekufa vitani akarudi kwao.

Alirudi mchana, mwenye afya, mwenye kucheka. Anakula, analala, anakumbuka kila kitu hadi majina ya mbwa. Shida moja tu: hajui kwamba amekufa. Na kila anayempokea kwa upendo ananyauka, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyumba inabaki tupu. Ana rafiki mmoja mwema ambaye kila siku anamwambia, wewe ni mzima, usiwasikilize. Kwa wema huo huo yule mfu haondoki.

Nilipomaliza nilitoa maoni yangu pale pale. Nilisema kitabu ni kibaya. Mwandishi kajenga chumba kisicho na mlango. Mtu akikiri amekufa, amekufa. Akikataa, ndiyo dalili yenyewe. Niliwaambia hiyo ni hila, na mtu mwenye hila hafai kusomwa.

Hawakunisikia. Kisha Maige akasema huyu ndiye mzungu wa kwanza anayejua anachozungumza. Kwao kilikuwa kitabu bora kuliko vyote.

Haukupita muda, Jilala akarudi.

Mchana kweupe. Anacheka.

Kumbe asubuhi ile alishuka, akapitia shimo la zamani, akatokea upande wa pili na kukimbilia Nyarugusu kuchimba dhahabu yake mwenyewe. Kuvunja mkataba ilikuwa kesi ya jela, kwa hiyo hakumwaga siri kwa yeyote, hata Mbuke. Huko Nyarugusu alijificha kama sungura. Aliposikia kwamba Geita wamemzika, akaona hiyo ni habari ya kuchekesha kuliko zote. Jela akaisahau, akaja kutushtukiza.

Alisalimia kwa Kisukuma, mwadila, kwa sauti ya kusikika kota nzima.

Hakuna aliyeitikia.

Mbuke alikuwa anatwanga. Aliweka mchi chini taratibu, akambeba Donatus, akaingia ndani na kufunga mlango.

Maige akatoka. Alimuuliza mdogo wake jina la bibi yao, akajibu. Akamuuliza ng'ombe aliyemvunja jino utotoni alikuwa wa rangi gani, akajibu, akaongeza na jina la mchungaji. Kila alipojibu sawasawa watu walirudi nyuma hatua nyingine. Nikaelewa kinachoendelea: mfu wa kwenye kitabu naye alikumbuka kila kitu.

Nilijipenyeza mpaka mbele.

"Baba," nikamwambia Maige, "kile kitabu ni cha uongo. Kuna mtu kakaa akakitunga."

"Mama Stanslaus, kimepigwa chapa."

"Kupigwa chapa si kitu."

"Na katekisimu je?"

Na mimi ndiye niliyewafundisha watoto wao katekisimu.

Jilala alidhani ni mchezo. Alicheka, kisha akacheka kidogo, kisha akaacha. Jioni ile alilala kwenye banda la kuni. Hakuna aliyemfukuza, na wala hakuna aliyempa mkono. Mbuke alimwekea ugali kwenye jiwe, akaondoka kabla hajafika. Wazee walisema waziwazi kwamba ni litunga, ndiyo msukule kwa Kisukuma, mtu aliyechukuliwa na wachawi akafanyishwa kazi ardhini. Ila siku zote litunga hujulikana kwa ububu na macho ya kupotea. Huyu alikuwa na maneno mengi, na bila kile kitabu wangemtambua kuwa ni mzima siku ya kwanza. Kitabu kilikuwa kimewaeleza kwamba wapo wa namna hiyo pia.

Nilihangaika, wajukuu zangu.

Nilikwenda kwa mke wa injinia nikamwomba aje kota, awaambie kwa mdomo wake kwamba riwaya ni mambo ya kubuni. Alisikiliza, akafurahi sana kujua kitabu kimependwa. Akanipa kingine cha mwandishi yule yule.

Nilikwenda kwa padri. Padri alikuja, akamshika Jilala bega, akatangaza kwamba ni mtu mzima wa mwili na damu. Wakamuuliza kwa heshima kama si yeye aliyesoma misa ya kumwombea marehemu Jilala. Padri akasema ndiyo, lakini ilikuwa kwa kutojua. Wakamshukuru, wakamsindikiza hadi kwenye pikipiki yake.

Ikabaki akili yangu ya mwisho. Niliita watu kikao. Nikasema nimegundua kwamba sehemu ya mwisho niliikosea, nataka kuirudia. Nilimwita na Jilala, akaja akakaa pembeni.

Nikafungua kitabu nikaanza kudanganya. Nikasoma kwamba mwanajeshi alipelekwa kwa daktari, ikathibitika hajawahi kufa, barua ya kifo ilikuwa ya mtu mwingine, mama yake akamkumbatia na nyumba nzima ikapona.

Mbuke akainua uso.

"Hapo hukusoma hivyo," akasema. Kisha akaanza kuutamka mwisho wote wa mara ya kwanza, neno kwa neno kama nilivyousema mimi, na mahali nilipokohoa akasimama kidogo. Wengine walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Wote walikuwa nao kichwani. Mimi ndiye pekee niliyehitaji karatasi.

Akaniuliza kwa upole kwa nini nadanganya, na kama tayari nimeanza kumpenda yule mfu kama rafiki wa kwenye kitabu. Wenzangu wakasogeza watoto wao mbali na mimi.

Nililia siku hiyo. Nilikuwa namjua mtu yu hai, namwona anapumua, na sina neno hata moja la kumsaidia. Kila neno zuri nililokuwa nalo lilishasemwa na rafiki wa kwenye kitabu.

Kesho yake asubuhi Jilala alikuja kwangu. Hakuingia ndani. Alisimama mbali na Stanslaus, nikaona amefanya hivyo makusudi.

"Mama Stanslaus, wewe ndiye msomaji," akasema. "Yule alijuaje kwamba amekufa?"

"Hakujua."

"Hata kidogo?"

"Baba Donatus, wewe ni mzima. Ninakuona. Wewe ni mzima kabisa."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyekuwa anasubiri neno hilo. Akanishukuru, akaniomba nimwangalizie mtoto wake, akaondoka kuelekea barabara ya Shinyanga. Sikumkimbilia. Ningemkimbilia nikamwambie nini?

Nilijua ameondoka kwa uchungu wa kukataliwa. Kila mtu alijua hivyo, na baada ya muda Maige akawa hataki jina lake litajwe. Mbuke akarithiwa na binamu yao mmoja, Mihayo, mtu mpole. Maisha yakaendelea.

Mwaka hamsini na nane tulikuwa tunasafiri kwa treni kwenda Tabora. Pale Isaka treni ikasimama kupakia pamba. Nikachungulia dirishani, nikamwona.

Alikuwa anabeba robota mgongoni. Ameshiba, ana mabega, na mvi mbili tatu. Wenzake walikuwa wanamwita Bujiku.

Nikaita, "Baba Donatus."

Akasimama. Akaweka mzigo chini, akaja mpaka chini ya dirisha, ila hakugusa behewa. Nilimnyooshea mkono. Akautazama, akaweka mikono yake nyuma.

Nikajua hasira bado ipo. Nikaanza kumwomba msamaha kwa niaba ya kota nzima, nikamwambia mkewe aliponzwa na hofu, kaka yake naye vivyo hivyo, na kwamba anaweza kurudi, wengi wamehama, hakuna anayekumbuka.

Akanikatiza.

"Mbuke yupo?"

"Yupo."

"Donatus?"

"Anasoma darasa la kwanza."

"Kaka Maige? Hakuna aliyenyauka?"

"Hakuna, wote wazima."

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile, kabla ya hapo wala baadaye.

"Basi niliwahi kuondoka," akasema.

Treni ikapiga honi. Nilitaka kumwambia kwamba wangekuwa wazima hata kama angekaa. Nilifungua mdomo. Lakini mtu huyo alikuwa amepoteza mke, mtoto na jina lake, na kitu pekee alichobaki nacho ni kwamba aliwaokoa.

Nikafunga mdomo. Akarudi kwenye robota lake, akalibeba, anatembea kwa furaha.

Sasa mnataka maoni yangu. Za vyombo vya angani nazipenda, wekeni nyingine. Za mizimu pia leteni, sina kinyongo nazo, nyingine zimeandikwa vizuri mno.

Lakini mkinipa kitabu mkaniuliza ni kizuri au kibaya, nitawauliza kwanza nani anakisikiliza, na amemzika nani juzi. Mwandishi wa kile kitabu sikumjua na yeye hakutujua. Pengine alikuwa mtu mwema, alikiandika kwa chai na biskuti, akakisahau. Jilala alikiishi hadi mwisho wake.

Anayefungua kitabu mbele ya watu, awatazame watu kwanza. Mimi niliwatazama, nikawaambia na ukweli, na bado haikusaidia. Sina funzo bora kuliko hilo la kuwapa.