Mkeka wa Ruharo

Mume wangu alibaki Kivu siku tuliyokimbia, na hakuna aliyewahi kuniambia kama ni mzima au amekufa. Ndiyo maana, shirika moja lilipotuchukua wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Kashojwa kwenda kupumzika Mbarara, kwenye nyumba ya wageni ya Ruharo, nilikwenda nikidhani nitapumua.

Asubuhi mwalimu wa yoga alitutandikia mikeka laini ya mpira. Akasema tulale chali, tufumbe macho, tuachilie kila kitu. Wenzangu wakalala. Mimi nilisimama ukutani. Kwetu mwanamke halali chini kwenye mkeka mchana kweupe ila akiwa na kilio, na kilio cha mume wangu nilikuwa nimekikataa miaka yote. Akina mama wa kanisa waliokuja kunisihi nimlilie, niliwafukuza.

"Mama, pumzika tu," mwalimu aliniambia kwa upole.

Nipumzike vipi? Kulala pale kungekuwa kumzika kwa mikono yangu.

Tulipoondoka, kila mmoja alipewa mkeka wake. Tulipofika Kashojwa, jirani yangu aliniona nikipita nao kwapani, akatupa jembe chini.

"Mama! Bamekuambia habari yake?"

Kabla sijajibu, alishika kichwa akapiga yowe. Wanawake wakatoka kila fasi, wakaingia kwangu, wakatoa viti nje, wakautandika ule mkeka na kuanza kuimba.

Nilifungua kinywa niwafukuze, niwaambie ni mkeka wa mazoezi tu.

Nikalala.