Mama Jaza anavyopima diski kwa sauti ya mumewe

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mmoja anaweka diski ya kompyuta juu ya mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, kisha anaikodolea macho kama anayesubiri iungame.

"Nzito," anasema. "Nzito kupita kiasi. Huyu ameshiba chuma."

Anachukua bisibisi nyembamba, anaipenyeza kwenye maungio ya plastiki na kuifungua. Ndani hamna cha maana: kadi ya simu ya kuhifadhia picha, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imegandishwa kwa gundi. Kando yake kuna kipande cha chuma, kimewekwa ili mnunuzi akiishika mkononi ahisi ameshika mali. Nje, kibandiko kinatangaza terabaiti mbili bila haya.

Anampa mumewe, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mume anaitupa ndani ya ndoo ya plastiki, kisha anagonga meza mara tatu kwa kifundo cha kidole. Katika lugha yao ya nyumbani, pigo moja ni ndiyo, mawili ni hapana, na matatu ni mwongo mkubwa.

Mtaani wanamwita Mama Jaza. Jina hilo halikutokana na mtoto. Limetoka kinywani mwake mwenyewe, maana yeyote anayemletea diski mpya, aliyoinunua popote pale, husikia neno lile lile: "Jaza kwanza."

Duka lake ni chumba kimoja chenye upana wa kitanda na nusu. Kuna meza mbili, kompyuta tatu zisizo na vifuniko, feni inayoelekezwa kwenye mashine badala ya watu, na kamba iliyotundikiwa nyaya kama nguo zilizofuliwa. Hapo hununua diski za SSD za bei ya chini, mpya na zilizotumika, kutoka kwa wauzaji wa jumla na wabomoaji wa kompyuta za ofisi. Ni diski zisizo na sahani inayozunguka ndani. Huifanya kompyuta kuukuu iamke upesi, na mashine ya gemu ifungue gemu kabla mchezaji hajakaa vizuri.

Kwa wiki huuza ishirini, wiki ikiwa nzuri ishirini na tano. Faida ya diski moja, kwa hesabu yake, ni kilo mbili za sukari. Katika kila kumi anazoletewa, tatu huishia kwenye ndoo.

"Ningeziuza zote ningekuwa na nyumba," anasema. "Lakini usingizi ningeutoa wapi?"

Hajamaliza sentensi, kinyozi wa duka la jirani anachungulia. Ana mashine ya gemu kwenye duka lake, wateja hucheza wakisubiri zamu, na sasa nafasi imejaa.

"Mama, nipe tu moja ya hizo za ndooni. Watu wanapiga mpira wa kwenye kioo, hawasomei udaktari."

"Leo itakubali. Itakubali kila utakachoiwekea. Ndiyo shida yake hiyo."

"Sasa ikikubali kila kitu, shida iko wapi?"

"Mchumba anayekubali kila kitu, we humwogopi?"

Kinyozi anacheka mpaka anashika fremu ya mlango. Anaondoka na diski halisi, ndogo kuliko aliyoitaka, huku akilalamika kwamba humu ndani mteja si mfalme, ni mwanafunzi.

Diski bandia, Mama Jaza anaeleza, haina adabu ya kusema imejaa. Nafasi yake ya kweli ikiisha, inarudi mwanzo kimyakimya na kuandika juu ya vile vilivyotangulia. Ukifungua orodha, majina yote yapo. "Ukibisha hodi, hakuna wa kuitikia."

Ndiyo maana hauzi diski asiyoijaza hadi pomoni na kuisoma yote tena, kazi ya saa moja na nusu, wakati mwingine tatu. Mafundi wengi wakipima hujaza takataka yoyote. Yeye hujaza kitu kimoja tu, kilichonakiliwa maelfu kwa maelfu. Kompyuta ikimaliza kulinganisha, hufungua nakala ya mwisho kabisa na kusikiliza kwa masikio yake.

Anabonyeza. Chumba kinajaa sauti ya mwanamume, nene na pana, nyuma yake mabasi yakinguruma:

"Mama watoto, basi la mwisho ndo limetoka. Nanunua mkate hapa, halafu nakupitia dukani. Usifunge kwanza. Nakuja."

Sekunde kumi na tisa, pamoja na kikohozi kimoja. Ikifika "nakuja" bila kukatika, diski ni halali. Ikinyamaza njiani, ndoo.

Mwenye sauti hiyo ndiye aliyekaa kwenye kigoda. Anaendelea kukunja waya kana kwamba aliyesema ni mtu mwingine.

Kwa miaka ishirini na miwili mume huyu alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Alikaa kwenye kibanda cha kioo juu ya geti la pili, akawaita abiria, akatangaza mizigo iliyosahaulika, akawatania madereva. Walimpa jina la Kipaza, na mpaka leo wanamwita hivyo, ingawa hana sauti. Miaka mitatu iliyopita koo lilipata uvimbe, na madaktari wakasema kisanduku cha sauti lazima kitoke, la sivyo atatoka yeye.

Walipewa siku tisa za kujiandaa. Kipaza alijifungia chumbani, akajifunika blanketi kichwani ili kelele za nje zisiingie, akajirekodi mbele ya laptopu. Zilikuwa rekodi sitini na tatu. Alisoma hadithi za wajukuu ambao hawajazaliwa. Alimgombeza mwanawe wa kiume mapema, kwa makosa ambayo alijua atayafanya. Na kulikuwa na moja ya dakika kumi na moja, aliyoiita Ya Siku ya Harusi, kwa ajili ya binti yao mkubwa. Mkewe alipoomba kuisikiliza, alikataa. Alimwambia ataisikia siku hiyo, pamoja na wageni wengine.

Laptopu ilikuwa imeshapata mnunuzi, kwa sababu safari ya hospitali ilihitaji nauli. Mama Jaza, ambaye wakati huo alikuwa akichapa barua na kutoa fotokopi katika chumba hiki hiki, alikwenda kununua diski ya kuhamishia kila kitu. Alipata moja ya terabaiti mbili kwa bei chee. Anakumbuka alivyofurahi njiani.

"Nilitanguliza sauti yake, kwa sababu ndiyo ya maana," anasema, macho kwenye mizani. "Nikafuatisha picha. Nikamalizia na gemu za mdogo wa binti yetu, maana alilia gemu zake zisipotee. Unaelewa? Ilipojaa ikarudi mwanzo. Mwanzo alikuwa yeye. Kama ningemweka mwisho..."

Diski ilionyesha majina sitini na tatu, yote kwa mpangilio. Laptopu ilisafishwa na kuuzwa. Siku ya nne baada ya upasuaji, akiwa kando ya kitanda cha hospitali, alitaka kumsikilizisha mgonjwa sauti yake amchangamshe kidogo. Hakuna hata moja iliyofunguka.

Kilichobaki ni ule ujumbe wa mkate, aliowahi kutumiwa na mumewe kwenye simu.

Alijifunza diski kwa hasira. Alizifungua, akauliza mafundi maswali mpaka wakamkimbia, akaanza kuwapimia majirani, kisha akaanza kununua na kuuza. Kipaza alijaribu kifaa kile cha kushika shingoni kinachotoa sauti. Alikirudisha baada ya wiki mbili, akaandika kwenye ubao wake mdogo: "Nasikika kama friji."

Sasa harusi ya binti inakaribia. Zimebaki wiki tisa. Kipaza ameyaandika upya maneno yake, kurasa mbili, na yatasomwa na mjomba wa bibi harusi.

"Mjomba ni mtu mzuri," anasema Mama Jaza. "Lakini ana sauti ya mjomba."

Mlangoni pamebandikwa karatasi yenye herufi kubwa: ULIWAHI KUREKODI VIDEO STENDI? NIONYESHE, NAKUPUNGUZIA BEI. Ina miezi kumi na minne pale. Anachowinda ni kitu kimoja. Binti alisoma shule ya bweni, na kila likizo basi la shule lilipoingia, baba yake alimwita kwenye kipaza sauti mbele ya stendi nzima. Wazazi wengi walikuwa wakirekodi watoto wao wakishuka. Lazima mmoja wao anayo sauti hiyo.

Mpaka leo ameletewa video thelathini na moja. Kuna watu wanaagana, kuna ugomvi wa kiti, kuna mbuzi aliyekataa kupanda. "Ninaye akitangaza mwavuli uliopotea," anasema, na hapa sauti inampanda. "Mwavuli! Ameuita mara tatu. Mwanangu hata mara moja!"

Kipaza anagonga meza mara moja. Ndiyo, kweli, mwavuli aliuita.

Saa tisa alasiri anaingia mshonaji nguo mwenye tepu shingoni, ameleta laptopu inayojikokota. Anataka diski kubwa zaidi. Wakati Mama Jaza anafungua skrubu, mshonaji anasoma ile karatasi, anarudia kuisoma, kisha anauliza, "Stendi ya mabasi hii yetu? Mbona mimi nilikuwa nampokea mwanangu pale kila muhula."

Bisibisi inawekwa chini.

Wanaitafuta video wote wawili, vichwa vimegusana mbele ya kioo cha simu ya mshonaji, wakipita picha za magauni na za watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Kipaza amesogeza kigoda. Kisha wanaipata: sekunde arobaini na nane. Basi linaingia, vichwa vya watoto vimejaa madirishani, mkono wa mrekodi unatikisika, yeye mwenyewe anapiga kelele, "Yule pale! Yule pale!" Juu ya vurugu hiyo kipaza sauti kinakwaruza.

"Basi la shule limeingia geti la pili. Wazazi msisukumane, watoto wanatosha." Stendi inacheka. "Kifungua mimba wangu, usijifanye hunijui. Baba yako yuko..."

Honi ya basi. Ndefu, ya dereva mwenye mbwembwe, inalia mpaka video inaisha.

Mama Jaza anairudia mara nne, na mara zote nne honi inalia pale pale.

"Dada, nisamehe," anasema mshonaji. "Ningejua ningesimama mbali na lile basi."

"Ungejuaje? Mimi mwenyewe nilikuwa nayasikia kila likizo, namwambia apunguze, anamtia mtoto aibu." Anafuta kioo kwa kiganja, ingawa hakina vumbi. "Mimi ndiye niliyekuwa namwambia apunguze."

Mabega ya Kipaza yanatikisika. Huko ni kucheka, ndivyo anavyocheka siku hizi, ila safari hii anakaa muda mrefu bila kuinua uso. Halafu anachukua ubao wake na kuandika: "Inatosha."

Mkewe anausoma, anagonga meza mara mbili.

Yeye anagonga mara moja. Mkewe anarudia mara mbili, kwa nguvu zaidi, mpaka mizani inaruka.

"Yeye hajikumbuki," anamwambia mwandishi wa habari hii, bila kumficha mume anayesikia. "Anajua alikuwa na sauti, basi. Mimi ndiye ninayeikumbuka. Naitaka hata ile ya kunigombeza. Namshukuru Mungu yuko hai, nakula naye, nalala naye, na bado ninamkosa. Sijui kama hilo linaeleweka kwa mtu."

Mshonaji anaondoka na diski yake mpya kwa nusu bei. Anaahidi kuwauliza wazazi wenzake wa bweni, wale ambao bado ana namba zao.

Jioni Mama Jaza anafungua mtoto wa meza na kutoa diski moja iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, ina tone la rangi nyekundu ya kucha pembeni. Ni zawadi ya bibi harusi. Ameshaijaza na kuisoma mara tatu, na kila mara akaifuta, ikae tupu ikisubiri.

Leo anaichomeka. Anakata kipande cha video aliyoachiwa na mshonaji, kinachoanzia "kifungua mimba" hadi mahali honi inapoanza. Kinatoka sekunde sita. Anakinakili, na kukinakili tena, na kuiacha kompyuta iendelee mpaka diski yote, terabaiti nzima, ishibe sekunde hizo sita. Nakala moja haiamini tena.

"Nikipata ndefu zaidi kabla ya harusi, nafuta, naanza upya," anasema. "Wiki tisa si haba. Na harusi ikipita nitaendelea, maana wajukuu nao watataka kumsikia babu yao."

Ni wakati wa kufunga. Kipaza amezima feni, amevuta ubao wa tangazo ndani, amesimama mlangoni na kufuli mkononi. Mlango umebaki upenyo wa kiganja. Kwenye kompyuta ya pembeni, diski ya mwisho ya siku imemaliza kupimwa, na Mama Jaza anafungua nakala yake ya mwisho.

"...halafu nakupitia dukani. Usifunge kwanza. Nakuja."

Kipaza anashusha kufuli. Kwa heshima zote, kama mfanyakazi aliyepewa amri na mkubwa wake, anausukuma mlango na kuuacha wazi kabisa.

"Kila siku ananifanyia utani huu," anasema mkewe, akicheka huku akikusanya nyaya. "Kila siku. Na mimi kila siku nageuka kuangalia barabarani."